Mbalamwezi, mkeka na mkopo wa dakika tano

Ukihudhuria vikao vya wazazi hapa Mwanza, utakuta simu ya kijana inasomewa mashtaka yaleyale kila mwaka. Binti kacheza nusu uchi TikTok. Kijana kamtukana mjomba wake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wanafunzi hawashiki daftari, wanaperuzi mpaka saa nane za usiku. Sheikh alishalisema Ijumaa, mchungaji atalisema Jumapili, na mgeni rasmi wa mahafali ya kidato cha nne atalirudia kwa ukali, kisha apige picha na wahitimu ziende Instagram kabla hajalifikia gari lake.

Sisemi hayo si matatizo. Ninachosema ni kwamba tumeng'ang'ania shtaka jepesi kwa sababu lina video. Dansi inaonekana, kila mtu anaitazama, anakasirika, anaisambaza ili na wengine wakasirike. Hela inayopotelea kwenye simu haina video. Kijana aliyeunguza elfu arobaini usiku wa kuamkia leo yuko kijiweni Igoma, anakunywa kahawa, anabishana habari za Simba na Yanga, na hakuna anayejua kilichompata. Kwa jinsi ninavyoitazama kanda hii, madhara makubwa ya simu kwa vijana wa Mwanza na visiwa vyake yako hapo: kwenye kubeti, kwenye mikopo ya mtandaoni, na kwenye matangazo ya utajiri wa haraka. Hayo tunayoyaita kuporomoka kwa maadili mara nyingi yanakuja baadaye, hela ikishaondoka.

Sababu ya mambo kuwa hivi ni ya kihistoria, na haizungumzwi sana. Huko Ulaya na Marekani watu walianza na intaneti kwenye kompyuta ya mezani, ikafuata mitandao ya kijamii, na kulipana kwa simu kukaja mwishoni. Sisi tulianzia mwisho. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, wakati Facebook ni habari ya wanafunzi wachache wa vyuo. Bibi wa Ukara alijifunza kupokea hela kwenye kitochi kabla hajaona picha inayotembea kwenye kioo cha simu. Takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za mwisho wa mwaka 2024 bado zina sura hiyohiyo: akaunti za pesa kwa simu zilikuwa zimepita milioni 60, huku laini zinazotumia intaneti hazijafika milioni 50. Kwa hiyo simu janja ilipomfikia kijana wa Kirumba, haikumfikia kama runinga ndogo ya mfukoni. Ilikuta laini yake tayari ina hela ndani, ina namba ya siri, na mwenyewe ameshazoea kuuamini ujumbe mfupi unaoanza na neno "umepokea". Mwenye kampuni ya kubeti, mkopeshaji na tapeli waliokuja baadaye hawakuwa na kazi ya kumfundisha mtu kutuma hela. Walikuta somo limeshaeleweka.

Na niseme haraka kwamba njia hiyohiyo imejenga watu. Mama anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba leo halazimiki kupanda meli kwenda Nansio kuulizia bei. Anatumiwa picha ya mzigo, wanapatana, hela inakwenda, magunia yanafuata. Zamani alisafiri ziwani na noti kaziviringisha kwenye kanga, na majambazi wa majini walilijua hilo. Kuna mafundi vijana Nyakato wanaofungua gari la mfumo mpya huku YouTube imeegemezwa kwenye betri. Hayo yanajulikana, na kampuni za simu zina bajeti nzuri ya kuyatangaza. Niendelee na yale yasiyo na bajeti.

Anza na kalenda ya dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mwezi ukikomaa, taa inakosa nguvu ya kuwavuta, mitumbwi inapumzishwa, na kwa siku kama kumi hivi kambi nzima inakaa. Mara nyingi huo ndio wakati tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anafanya hesabu: anatoa mafuta, anatoa chakula, anatoa matengenezo ya nyavu, kinachobaki kinagawanywa. Sasa mfikirie kijana wa miaka 22 aliyetoka Kwimba au Meatu. Hana mke pale, hana shamba pale, mzazi hayupo, amekabidhiwa kwa mkupuo mmoja hela ya kukesha majini wiki kadhaa, na mbele yake kuna siku kumi za kukaa bure. Wazee wa visiwani watakueleza hela ya namna hiyo ilikokuwa ikiishia enzi zao, na hawatakutajia benki. Lakini hata ulevi una mipaka yake: pombe inajaza tumbo, baa inafungwa, muuzaji anachoka. Kilichokuja sasa hakichoki.

Mbalamwezi moja nilikaa kwenye kibanda cha wakala karibu na mwalo mmoja, mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, upande wa Ilemela. Mwenye kibanda ni mama wa makamo, miwani imening'inia puani, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye daftari la miamala. Akaja kijana, ndala ya kulia imeshonwa kwa waya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaweka au unatoa?"

"Naweka kumi."

Akawekewa elfu kumi, akasaini. Hakuondoka. Aliegemea nguzo ya kibanda, simu kailaza kwa upana, kidole gumba kinaelea juu ya kioo. Kindege kikapaa, namba zikapanda, kikapotea. Kikapaa tena. Sikuweza kuona alikuwa akiweka kiasi gani kila kinaporuka, ila niliona kidole kikizidi kuwa na haraka. Akarudi dirishani.

"Mama, niwekee tena tano."

"Na ile kumi?"

"Imeenda."

Mama akamtazama juu ya miwani. "Mwanangu, umekula lakini?"

"Nitakula ikirudi."

Akamuwekea. Afanyeje? Kamisheni ndiyo inayomlisha, na akikataa, kibanda cha jirani kiko hatua chache tu. Kijana alipoondoka, mama alinieleza jambo ambalo limenikaa kichwani kuliko hotuba nyingi nilizosikia kuhusu vijana na mitandao. Miaka ya nyuma, alisema, hesabu za mwalo zikifanyika vijana walikuja kutuma: elfu thelathini kwa mama, elfu ishirini kwa mdogo wake ada. Walioko kijijini ndio waliotoa. Siku hizi vijana wanaweka na hakuna anayemtaja mama yake. "Floti ya simu inaniishia mapema, noti zinajaa droo," alisema. "Hela inaingia kwenye simu, lakini haiendi kwa mtu."

Haiendi kwa mtu. Ukitaka kujua mitandao imeifanya nini jamii ya ukanda huu, mimi ningeanzia kwenye droo ya mama huyu. Kwa vizazi viwili vitatu, ziwa limekuwa likiilisha nchi kavu. Kijana anashuka kutoka Kwimba, Magu, Misungwi, anavua, anatuma. Bati la nyumba ya kijijini limetoka majini. Mnyororo huo ndio unaokatika, na unakatika bila kelele kwa sababu kijijini wanajua tu kwamba mwaka huu samaki ni wachache. Kweli samaki wamepungua, hakuna anayebisha. Ndiyo maana uongo huo mdogo unapita vizuri.

Turudi kwenye kindege, maana vijana wengi wanaamini ni suala la akili na wepesi wa kidole. Mchezo huo, Aviator, ambao mchezaji anatakiwa achukue hela yake kabla kindege hakijapotea, ulitengenezwa na kampuni ya Spribe yenye asili ya Georgia, na wenyewe hawafichi kwamba unarudisha kwa wachezaji asilimia 97 ya kinachowekwa. Inasikika kama ukarimu: kwenye kila mia wanachukua tatu tu. Lakini raundi moja haichukui hata dakika, na mchezaji haweki mara moja akaondoka, anaizungusha ileile. Zungusha elfu kumi yote, mara 23, ukikatwa asilimia tatu kila raundi. Kwa wastani unabaki na Sh4,963. Nusu imeondoka ndani ya muda ambao sufuria ya ugali haijachemka vizuri. Mmoja atashinda, ndiyo, na huyo ndiye atakayepiga picha ya kioo. Wastani haupigi picha.

Mkeka nao, yaani mechi kadhaa zinazobetiwa kwa pamoja, una hesabu yake. Tuseme kampuni imejikatia asilimia tano kwenye kila mechi, kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho ukitazama odi. Mechi moja haina neno. Kijana wetu lakini haweki mechi moja, anaunganisha kumi ili elfu moja izae laki tatu. Zile asilimia tano hazijumlishwi, zinazidishana: 0.95 mara yenyewe, mara kumi, inakupa karibu 0.60. Kwa kila mia anayoweka, wastani wa kumrudia ni shilingi 60. Ndiyo sababu bonasi zinazonona huwekwa kwenye mikeka mirefu. Kijana huyu anajua mpira kuliko wachambuzi wa redioni, anajua beki gani ana kadi ngapi, anajua hata Pamba Jiji, iliyorejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25, inachezaje ikiwa nyumbani na inachezaje ikiwa safarini. (Wapo wazawa wa Mwanza wanaoiwekea Pamba ifungwe, na wanashangilia ikifungwa. Hilo nalo ni suala la maadili, nadhani, ila hakuna aliyelitolea hotuba.) Ujuzi wake ni wa kweli kabisa. Tatizo ni kwamba anashindana na kuzidisha, na kuzidisha hakuna majeruhi.

Hapa ndipo mitandao ya kijamii inapoingia, na kazi yake ni kuonyesha upande mmoja. Mkeka uliotiki, yaani ulioshinda, unapostiwa, uliochanika unafutwa. Ukifungua simu asubuhi unakutana na mikeka ishirini iliyotiki na hakuna hata mmoja uliochanika, halafu programu ikishaona umesimama sekunde tatu kwenye mmoja, inakuletea mingine kumi. Mtu maarufu mwenye wafuasi wengi analipwa atabasamu karibu na odi. Na nyuma yao wapo wauzaji wa "mechi za uhakika" kwenye Telegram, ambao mbinu yao ni rahisi kiasi cha kukera. Ana makundi mawili. Kundi la kwanza analiambia timu fulani inashinda, la pili analiambia inatoka sare. Mechi ikiisha kwa ushindi, kundi la pili analiacha life, la kwanza analigawa tena mawili. Baada ya mizunguko mitatu anabaki na watu wachache ambao kwa macho yao wamemuona akipatia mara tatu mfululizo, na hao ndio watakaolipa elfu ishirini za "VIP" wakiapa kwamba jamaa ana mtu ndani ya chama cha mpira.

Basi hela imekwisha na mbalamwezi bado ina siku sita. Kijana ana simu, ana bando la wiki, na kwenye hilo bando anaona tangazo: mkopo ndani ya dakika tano, hakuna dhamana, hakuna mdhamini, kitambulisho cha NIDA kinatosha.

Watu wameupa mkopo huu jina la kausha damu, na hesabu yake inalihalalisha jina. Mfano wa kawaida: anaomba elfu hamsini, anawekewa elfu thelathini na tano, iliyobaki inaitwa ada, na baada ya siku saba anadaiwa elfu hamsini kamili. Kumi na tano juu ya thelathini na tano kwa wiki moja ni karibu asilimia 43. Ukiirudia wiki 52, bila hata kuweka riba juu ya riba, ni zaidi ya asilimia 2,200 kwa mwaka. Hakuna tajiri wa mtumbwi, hata yule anayesemwa vibaya visiwa vyote, aliyewahi kumdai mtu namna hiyo.

Lakini riba siyo sehemu ninayoiona mbaya kuliko zote. Programu ilipowekwa kwenye simu iliomba ruhusa, na kijana akabonyeza kukubali bila kusoma, kama ambavyo mimi na wewe hubonyeza. Ruhusa mojawapo ilikuwa ya kusoma majina yote aliyoyahifadhi. Siku ya nane anaanza kusakwa. Ujumbe hauendi kwake tu, unakwenda kwa mama mkwe, kwa mwalimu wake wa zamani, kwa tajiri, kwa fundi aliyemtengenezea redio mwaka juzi: fulani ni tapeli, ametutajia wewe kuwa mdhamini wake, mwambie alipe. Wakati mwingine picha yake inaambatanishwa. Kwa maneno mengine, waliposema hakuna dhamana hawakusema kweli. Dhamana ilikuwepo, ni aibu yake mbele ya kila mtu anayemfahamu.

Mtu ataniambia kukopa kwa aibu si kigeni hapa. Ni kweli. Mali kauli ya mama ntilie imesimama juu ya aibu hiyohiyo: unakula wali maharage, anaandika kwenye daftari, usipolipa anakusema mbele ya wateja na jina lako linaharibika mwaloni. Tofauti ni kwamba mama ntilie anakujua. Anajua upepo ulipiga wiki nzima mkashindwa kutoka, kwa hiyo anasubiri. Anajua mtoto wako anaumwa. Akizidisha, wenzake wanamwambia mwenzetu umezidi. Aibu yake ina watu wa kuipunguza makali. Aibu ya programu haina mtu. Inatumwa kwa majina mia nne kwa wakati mmoja na mtu asiyejua kama aliyeko upande wa pili ni shemeji au marehemu.

Na kinachotokea baadaye ndicho hicho tunachokilalamikia kwenye vikao bila kujua kilikotoka. Kijana anabadilisha laini. Anajitoa kwenye kundi la ukoo. Hapokei simu ya nyumbani, hatokei msibani, anahamia kisiwa kingine ambako hajulikani, labda Maisome, labda Goziba. Wazee wanasema vijana wa siku hizi hawana utu, simu zimewaharibu. Simu imemharibu kweli, ila si kwa njia wanayodhani. Anawakwepa watu ambao simu yake ilimtangaza kwao.

Sheria zipo, na si haba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya mwaka 2018. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na kumsambazia mtu deni lake kwa watu wengine ni jambo ambalo sheria hiyo haiwezi kulifumbia macho. Google wenyewe tangu Mei 31, 2023 walizikataza programu za mikopo kwenye duka lao kusoma majina na picha za mteja. Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni na kuwaonya wananchi wasizitumie. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini programu ikifungiwa kwa jina moja inaweza kurudi na jina jingine, na kijana wa mwaloni hasomi matangazo ya Benki Kuu. Anasoma ujumbe uliotumwa na rafiki yake.

Kuhusu uwezo wa Serikali, niseme moja. Nchi hii iliwataka watumiaji wa VPN, njia ya kupita mtandaoni kwa siri, wajisajili, Oktoba 2023. Ikaufungia mtandao wa X tangu Mei 2025, ikieleza baadaye kwamba kuna maudhui ya ngono yanayokiuka maadili yetu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima na watu wakakaa siku kadhaa bila mtandao. Sizungumzii hapa kama yalikuwa maamuzi sahihi. Nina maoni yangu na si ya makala hii. Ninachotazama ni uwezo. Anayeweza kuzima nchi nzima hawezi kuniambia ameshindwa kuizuia namba moja ya malipo inayopokea marejesho ya mkopeshaji asiye na leseni. Namba hiyo imesajiliwa, kwa alama za vidole, kama zilivyosajiliwa laini zetu zote baada ya lile zoezi lililofikia ukomo Januari 2020. Hela inakwenda mahali panapojulikana.

Ugumu uko kwingine. Kwenye kubeti, Serikali inachukua kodi kwenye mapato ya kampuni na kwenye ushindi wa mchezaji. Kampuni ya simu inapata chake muamala ukipita. Wakala anapata kamisheni. Mwenye ukurasa anapata tangazo. Ukimtoa kijana na mama yake wa Kwimba, kila aliyemo kwenye mnyororo huo ana sababu ya kutaka uzunguke haraka. Dansi ya TikTok haimlipi mtu kodi ya maana, kwa hiyo kuikemea hakumgharimu mtu kitu.

Hata utapeli wa utajiri wa haraka ungeeleweka vizuri zaidi ukitazamwa hivi. Watu wazima wanapocheka vijana walioingia LBL mapema mwaka 2025, wakilipa kiingilio ili eti walipwe kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu, husahau kwamba wao wenyewe walipanga foleni "kupanda mbegu" kwenye upatu wa DECI hadi ilipofungwa mwaka 2009. Kanuni ni ileile, anayeingia leo anamlipa aliyeingia jana. Kilichobadilika ni kwamba DECI ilikuwa na ofisi na foleni, na foleni inamfanya mtu asimame, aulize aliye mbele yake, apate hata saa mbili za kufikiri. LBL ilikuja kwa kiungo cha WhatsApp kutoka kwa binamu, na binamu hudhani atakudanganya, umekua naye.

Nikiulizwa tufanye nini, sitaanza na semina. Vijana wa mwaloni wanajua kubeti kunaliwa. Waulize, watakueleza kwa ufasaha kuliko mtoa mada. Wanachokosa ni kitu cha kufanya na hela ya mkupuo, na mahali pa kukopa hela ndogo bila kuvuliwa nguo. Mzazi aliyeko mbali naye akiacha kuuliza "unaangalia nini huko kwenye simu" akaanza kuuliza "hesabu za mwezi huu zilitoka lini", atapata majibu mapya. Kampuni za simu, zinazoweza kukupa takwimu za miamala yako yote kwa kubonyeza namba mbili, zingeweza kwa urahisi huohuo kumpa mteja njia ya kuifunga laini yake mwenyewe isilipe kampuni za kubeti, kwa mwezi au kwa mwaka, na isifunguke kwa hasira ya saa saba usiku.

Kubwa zaidi kwangu ni ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri inatakiwa kuikopesha bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kuonyesha fedha nyingi hazirudi, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Katika kipindi hicho chote mkopo wa dakika tano haukusimama hata siku moja. Na hata sasa iliporudi, inataka kikundi, katiba, mihtasari ya vikao na makazi yanayojulikana. Mvuvi anayefuata dagaa kutoka mwalo hadi mwalo hana vitu hivyo. Halmashauri inamwita hakopesheki, programu inamwita mteja.

Wakati huohuo kuna chombo kimoja kinachomjua, nacho ni BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo wake. BMU inajua mtumbwi gani ni wa nani na tajiri ni yupi, na ikiulizia haishindwi kujua fulani amefika lini na ameondokaje alikotoka. Zitumike. Ilemela, Nyamagana, Ukerewe na Sengerema zianze na mialo michache, mkopo mdogo wa laki moja au mbili kwa mvuvi anayetambulishwa na BMU na tajiri wake, hela ikatwe kwenye hesabu kabla haijagusa simu. Na marejesho yasipangwe tarehe 30 kama ya mtumishi wa umma. Yapangwe giza linapoisha, kwa sababu hapo ndipo hela inapopatikana.